Robo Yangu ya Gitaa

Jumatatu, 4 Machi 1974

Siku ya arobaini na mbili ya eda. Leo sikuongea na mtu mpaka saa kumi, jirani yangu Bibi Hamisa alipoleta mchicha. Nilimshika kwa maneno mpaka akakumbuka ameacha chungu motoni. Sijui kama kweli kulikuwa na chungu.

Naandika humu, daftari la nyimbo la marehemu mume wangu. Kurasa za nyuma hakuzigusa. Sadala angenicheka – mke wake, darasa la nne, anajifanya karani.

Jana shemeji Mbaruku, kaka yake marehemu, alikaa barazani na shehe. Mimi ndani, nyuma ya pazia. Shehe akaeleza: vitu vyote vithaminiwe kwanza, ndipo vigawanywe. Kwa kuwa hatukujaliwa mtoto, mimi nina robo. Kinachobaki ni cha ndugu zake wa Handeni. Sawa, ni sheria ya Mungu, sina ugomvi nayo. Baiskeli, redio, saa, kitanda cha chuma, mabati – vikafika shilingi mia tisa. Likabaki gitaa. Hakuna aliyejua gitaa la umeme, tena kuukuu, ni bei gani. Mbaruku akasema angeletewa ng'ombe angejua, lakini hilo hapana.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepiga hesabu kwa mkaa sakafuni. Gitaa likithaminiwa mia tatu au chini yake, linaingia lote katika robo yangu, na sitaki kingine. Wachukue hata kitanda, nitalala mkekani. Likipita hapo, litauzwa. Mbaruku amesikia kuna bendi Tanga inatafuta.

Simlaumu. Wamehamia kijiji kipya cha ujamaa, watoto wake wanalala kwenye kibanda cha nyasi. Anataka bati na misumari. Mimi nataka gitaa ambalo hata kulipiga sijui. Nani mwenye haja zaidi? Naona haya kujijibu.

Jumanne, 12 Machi

Nimelitoa mvunguni nikalikagua, nikijifanya mnunuzi mgumu. Vitufe viwili vya sauti havipo, amebandika vizibo vya soda. Shingo ina ufa, aliuziba kwa gundi ya seremala. Nyuzi mbili hazipo, nyingine zina kutu. Tundu la waya limelegea – zamani lilikuwa linanguruma katikati ya wimbo, watu wakidhani ndiyo madoido. Nyuma kuna alama ya sigara, ya dansi moja la Sabasaba kule Mombo.

Kila nilipopata kasoro nilifurahi. Kisha nikalia. Nimekuwa mtu gani mimi, nafurahia ubovu wa kitu cha mume wangu?

Jumapili, 17 Machi

Wamekubaliana mthamini awe Habakuki wa Kwashemshi. Alipiga besi pamoja na Sadala kwenye bendi ya shamba la mkonge, siku hizi ni fundi redio. Mbaruku anamwamini kwa sababu hana fungu humu. Mimi namwogopa kwa sababu hajui kudanganya.

Bibi Hamisa kanishauri nimpelekee salamu, ataje bei ya chini, ataelewa. Nimeliwaza hilo siku nzima. Sikupeleka. Kuwapunja warithi wa Sadala nikiwa ndani ya eda yake – siwezi. Nitataja kasoro za kweli tu, nazo zinatosha.

Nimekula peke yangu. Ugali wa mtu mmoja sijaweza kuupima mpaka leo. Kila siku unabaki, na kila siku najidanganya kwamba kesho nitapatia.

Jumamosi, 23 Machi

Wamekuja. Habakuki alitaka gitaa lipelekwe Korogwe mjini kwenye baa yenye umeme, alisikilize. Mbaruku akakataa: gitaa la marehemu lilie baa na mjane yumo edani, watu watasema nini? Basi alipige hapa. Lakini hapa nyumba ya msiba! Wakavutana. Mwishowe Habakuki akamweleza kwamba bila umeme hata jirani hasikii, Mbaruku akakubali.

Kweli halikusikika. Nilibandika sikio kwenye pazia. Sauti ndogo, kama mtu anakuna sufuria chumba cha pili. Nyuzi nne. Lakini ndiyo ile ile ya asubuhi, Sadala akijizoeza kabla ya kwenda shamba, mimi nakoleza moto. Miaka kumi na minane nilimwambia aache, chai inapoa.

Habakuki akauliza, "Shemeji, kasoro zake unazijua?"

Nikazitaja zote, moja moja. Sauti haikutetemeka. Mbaruku akaandika.

"Basi haliwezi kuzidi mia mbili na nusu," Habakuki akasema.

Limekuwa langu!

Kisha nadhani aliligeuza kwenye mwanga. "Na hapa juu rangi imekwisha, ubao mtupu. Andika na huu ubovu."

Pale mkono wa Sadala ulipokuwa unakaa. Nikajisikia nasema, "Hapo si pabovu, shemeji. Mengine yote andika, hapo usiandike. Hapo ndipo penye thamani yake."

Mbaruku akauliza taratibu, wala si kwa hila, "Kumbe lina thamani? Kiasi gani, shemeji?"

Nikamsubiri Habakuki ajibu. Naye akasema, "Mwulize mwenyewe. Mimi nimethamini mbao na nyaya. Akisema ni zaidi, nitafuta nilichosema."

Hapo ikaadhiniwa alasiri. Mbaruku amekwenda msikitini, akirudi anataka jibu. Habakuki amebaki barazani, halipigi tena.

Nikitaja zaidi ya mia tatu, litauzwa. Nimejaribu kusema mia mbili na nusu, hapa chumbani, peke yangu. Haitoki. Nimejaribu tena kwa kunong'ona. Wameshaswali, nasikia kandambili za Mbaruku uani, anakohoa ili nijue amefika.