Farasi Anayepaliliwa

Durban, Jumapili jioni

Kwaruu, kwaruu. Wiki nzima bado nasikia majembe yakikwangua chaki kwenye kilima cha kile kijiji cha Uingereza tulichotembelea na wenzangu wa chuo. Farasi mweupe, aliyechorwa ardhini kwa kubandua nyasi hadi mwamba mweupe wa chaki uonekane, mkubwa kuliko jengo letu hapa Albert Park. Nilidhani ni wa kale mno, mpaka bibi mmoja wa pale akacheka: "Babu yangu alisaidia kumchora! Tukiacha kumpalilia, nyasi zitammeza."

Akanipa jembe. Nikapalilia huku nikiwaza kaburi la Baba kule kwetu Uvira.

Leo baada ya ibada Mama ameuliza tena: "Baba yako mdogo anaendelea kukata majani kwenye kaburi?"

"Liko safi, Mama," nikajibu, kama kila Jumapili.

Baba mdogo alikimbilia Burundi mwaka juzi. Simu zake huja kwangu, nami nimemficha Mama kwa sababu ya presha yake. Akianguka je? Na akisikia kwa mtu mwingine, pale kanisani...

Nimezima jiko, nikaketi karibu naye, nikamwambia: hakuna anayelipalilia kaburi la Baba.