Nililia Kifo cha Joka Ambalo Halijafa

Basi sasa mume wangu kaleta na kitabu cha nne, mshauri wangu mpenzi, ndiyo maana nakuandikia tena, kwa sababu ule ushauri wako wa "vumilia kidogo, hadithi itachangamka" umenishinda. Nakukumbusha kwamba ndoa yetu bado changa, yeye ni fundi wa friji, mpole, akiniita "mke wangu" bado nasikia joto masikioni, ila ana hivi vitabu vyake vya majoka na wachawi, vinene kama matofali, na anataka nivipende. Cha kwanza jeshi linatembea tu, cha pili linarudi lilikotoka, cha tatu mji unaungua huku malkia anasukwa nywele sura nzima, na kila mtu ana majina matatu, hata farasi. Mimi napenda vitabu vyembamba. Wiki iliyopita nimemaliza kimoja cha mkunga na jirani yake wanaogombania ukuta, nikalia na kucheka mpaka mboga ikaungua. Lakini siwezi kumwambia, maana hivyo vyake alikuwa akimsomea marehemu baba yake hospitalini, naogopa nikivikataa ataona nimemkataa baba mkwe ambaye sikuwahi kumwona. Kwa hiyo naruka kurasa. Juzi akaniuliza, "Umefika wapi?" nikajibu, "Nimemaliza cha tatu, nimelia sana joka lilipokufa." Akasema, "Pole, mke wangu," akaenda kunichemshia chai. Leo nafungua cha nne, ukurasa wa kwanza, joka lile lile linapiga miayo. Nifanyeje, mshauri, nampenda mno.

Bibi harusi aliyechoka

Bibi harusi, nilikwambia uvumilie kitabu, sikukwambia utunge misiba. Mwanamume aliyevisoma kwa sauti kando ya kitanda cha mgonjwa hasahau nani kafa na nani yuko hai. Anajua. Alijua kabla maji ya chai hayajachemka, akaamua kukusitiri, kwa hiyo sasa mko wawili mnaodanganyana kwa adabu ndani ya chumba kimoja, na hilo ndilo linalonikera. Kuhusu huyo malkia na nywele zake, nakuunga mkono. Lakini unadhani mumeo anatafuta mhakiki? Anatafuta mtu wa kukaa pale alipokuwa baba yake, nawe umempa machozi bandia.

Leo akirudi, kabla hajavua viatu, mwambie, "Sikulia, sikusoma, na malkia wako ananichosha." Atacheka au atanuna, yote yako. Kisha mwombe akusomee yeye mwenyewe sehemu ambayo baba yake aliipenda, hiyo tu, na usimkatishe. Ukisinzia, sinzia begani kwake. Na yeye asome cha mkunga, haki sawa.

Anwani ya karakana yake umeiandika nyuma ya bahasha, na friji langu linavuja. Nitalileta kwenu kabla mwezi haujaisha, na nikikuta hujamwambia, nitamwambia mimi, nawe umesimama hapo hapo.