Thamostati Kwenye Sufuria ya Wali

Mpendwa mume wangu,

Leo nimepita barabara ya Ouani, ile ya uwanja wa ndege, nikacheka peke yangu, mpaka dereva wa teksi akanitazama kwenye kioo. Nilikuwa nimekukumbuka wewe na lile gari lako kuukuu.

Ilikuwa miaka ya mamluki, wale askari wa kukodiwa waliposhika nchi yetu. Mama yako alikuwa anakuja kwa ndege kutoka Moroni, mara yake ya kwanza kukanyaga Mutsamudu. Hakuwa ameniridhia. Mwanamume kuhamia nyumba ya mkewe ni desturi yetu sote, lakini si mwanawe wa pekee kuvuka bahari hadi kisiwa kingine! Nawe ukaapa hutampokea kwa teksi, na gari lenyewe likichemka kila mlima.

Jirani yetu, Fundi Saidi, akakwambia, "Nchi ya joto hii, thamostati ya nini? Itoe, itupe."

"Tuipime kwanza," ukasema. Kichwa kigumu wewe!

Ukachukua sufuria yangu ya wali bila kuomba, ukakifunga kile kidude kwa uzi, ukakining'iniza kwenye maji jikoni. Kikiwa kizima, maji yakipata moto kinafunguka, kama kinavyoyapisha maji ya injini. Yalichemka mpaka yakaruka, chenyewe hakikufunguka. "Kimekufa," ukasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba.

Ukaenda kumpokea bila hicho. Hata mamluki walipowasimamisha juani kwenye kizuizi cha barabarani, injini ikinguruma, mshale wa joto haukupanda. Ulinipa habari hiyo kabla ya salamu.

Nami nilikuwa nimepika kwa sufuria ileile. Niliisugua kwa majivu, wallahi, lakini mama yako alipotia tonge la kwanza akaacha kutafuna. Nikajua huyu atarudi Moroni na wewe.

"Kachemsha nini humu?" akaniuliza.

Nikamwambia.

Akacheka hadi machozi. "Kwangu aliharibu sufuria tatu!" Kisha akasogea mkekani, akanipa nafasi ubavuni pake. "Kula, mwanangu. Nami nilidhani huku anaishi kama mgeni."

Nimeridhika na maisha yangu, mume wangu, ingawa pengo lako bado sijalizoea, hasa asubuhi. Ulipotutangulia, watu walimtaka mama yako, ambaye tayari alikuwa akiishi nasi, arudi kwao Moroni. Alikataa. Alisema ana mtoto hapa. Akazeekea nyumbani kwangu, na mikono yangu ndiyo iliyomfumba macho.

Pumzika, usiwe na wasiwasi naye.

Mkeo wa Mutsamudu