Mlango Nisiougonga

Neema mjukuu wangu,

Huku Eagan hatujambo. Theluji inayeyuka na babu yako bado anabishana na magoti yake. Mamako yuko kazini, anakusalimu.

Uliniuliza mbona nikifika kwa mtu sigongi mlango, naita tu kwa sauti mpaka majirani wanachungulia.

Nilipokuja Amerika nikiwa kijana, nilitunza wazee kwenye nyumba moja kule Inver Grove Heights. Mmoja wao alikuwa baharia zamani. Kwetu huingii kwa mtu mzima bila ruhusa, kwa hiyo siku ya kwanza nilimgongea, nikangoja. Nikagonga tena kwa nguvu. Nilipofungua, nilimkuta ameng'ang'ania kitanda kwa hofu.

Alipotulia akanieleza. Wakati wa vita, ndege ziliipiga manowari yao mabomu ikapinduka. Yeye aliokolewa. Wenzake walibaki ndani wakigonga chuma, na waliokuwa nje waliwasikia mpaka wakanyamaza.

Kesho yake nilisimama nje nikaita, "Hodi!" Nikamfundisha kuitika. Basi kila asubuhi alinijibu "Karibu!" kwa sauti ya kuamrisha meli nzima, na wauguzi wenzangu wakicheka.

Mwishoni alisahau hata majina ya wanawe, lakini hodi yangu hakuacha kuiitika.

Kwa hiyo ukija Krismasi, kengele iache. Simama hapo nje uite. Hata kama nitakuwa nimesahau wewe ni nani, utasikia nikikukaribisha.

Nyanya yako