Siku Kompyuta Iliponijibu Sifuri

Mpendwa Poni,

Sisi wa Munuki tu wazima, ila matope yametuzingira. Unaniuliza kama uache masomo ya kompyuta kwa kuwa programu yako ya kwanza imekataa.

Tulipoishi Nairobi, kaka yangu Wani aliletewa kompyuta ya kuunganishwa na televisheni. Haikujua kitu mpaka uichomekee kikasha kidogo kama kaseti.

"Humu ndani mna lugha," Wani akasema.

Mama akashangaa. "Lugha pia inanunuliwa? Sisi tuko nazo nne za bure!"

Nikaiamuru iandike JAMBO. Ikajibu sifuri.

"Imenidharau!" nikanuna.

Wani, mgeni wa mashine kama mimi, aliikodolea macho ile sifuri. "Keji, hujatukanwa. Inadhani Jambo ni jina la mahali ilipowekwa namba, na hapo hapana kitu. Tuiambie ni maneno."

Akaongeza alama za usemi. JAMBO!

Kumbe nilipokuwa nanuna, mwenzangu alikuwa anasoma jibu. Namvulia kofia mpaka leo. Yupo mtaa wa Kator, nitumie ulichoandika nimpelekee, tuone mashine yako ilielewa nini.

Haboba yako, bibi mnunaji,
Keji