Siku Uliyowasha Tivii Mama Akiwa Bado Eda

Shangazi yangu mpendwa,

Kile kichekesho chako kimerudi. Kipo mtandaoni chote, tangu sehemu ya kwanza. Kuna mtu amekaa huko aliko akavitafuta vipindi vyote akavipandisha, na mwanangu Rehema ndiye aliyevikuta. Nilikuwa dukani kwangu hapa Singida Mjini, niko kwenye cherehani nashona sare nyeupe za kwaya. Rehema akaegemeza simu kwenye boksi la nyuzi, akabonyeza. Ule muziki wa mwanzo ukapiga, ule wa filimbi na ngoma za mbio mbio. Mguu wangu ukakanyaga pedali bila mimi kutaka. Sindano ikaingia kwenye ukucha ikatokea upande wa pili.

Rehema alipiga kelele. Mimi sikupiga. Damu ilichuruzika kwenye sare ya watu, na mimi nilikuwa nimekodoa macho mlangoni, naangalia nani anaingia.

"Mama, una nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni sindano tu. Lakini tangu siku hiyo kila mchana tunaangalia kipindi kimoja, na kila mchana nakuona wewe, Shangazi, umekaa kwenye mkeka pale kwetu Unyambwa, unamfokea mwenye nyumba wa kwenye tivii kana kwamba anakusikia.

Ulikuja kwetu nikiwa mdogo. Mume wako wa Iguguno alikung'oa jino moja kwa ngumi na la pili likawa linacheza, ukafunga nguo zako kwenye shuka ukarudi kwa kaka yako. Baba hakukuuliza kitu. Alikutandikia kitanda chumbani kwetu watoto, jioni akakuwashia tivii. Ile ndogo, nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Hicho kichekesho ndicho kilikuwa kinaonyeshwa. Mwenye nyumba bahili, mkewe mwenye mkono mwepesi, na yule mpangaji mwongo asiyelipa kodi. Mke akamzaba mwenye nyumba kibao chenye mlio wa kuongezwa, pwaa! Ukashtuka, ukashika shavu lako lililovimba, halafu ukacheka. Ulicheka hadi damu ikakutoka kwenye fizi, Mama akakuletea maji ya chumvi.

Tangu hapo Jumamosi jioni ikawa yako. Majirani wakazoea kuja, na wewe ndiye uliyepanga nani akae wapi. Yule mwenye nyumba ulimbatiza jina, ukamwita "mume wangu wa pili", kwa sababu, ulisema, huyu angalau anapigwa. Na mpangaji alipojificha ulimpigia kelele, "Siyo humo! Ingia uvunguni!" Baba alikuwa anakuangalia wewe kuliko tivii.

Halafu lori la alizeti likapinduka Baba akiwa juu ya magunia.

Sitakuandikia habari za maiti, uliiona mwenyewe. Nitakukumbusha tu kwamba Mama alifunika tivii kwa kitenge, akakaa eda, na nyumba ikawa kimya. Mimi niliacha kula. Nilikuwa nikimeza tonge linarudi. Mlinishika wewe na Mama mkaninywesha uji kwa nguvu, nikautapika kwenye kanga yako. Arobaini ikapita. Jumamosi iliyofuata ukachukua betri, ukajitwika kichwani hadi mjini kuichaji, ukarudi maji ya betri yametoboa kanga mabegani na ngozi yako imebabuka. Ukavuta kile kitenge.

Mama akasema, "Wifi, watu watasemaje?"

"Waseme," ukamjibu. "Huyu mtoto anakufa. Mimi nimeshazika mmoja."

Majirani waliposikia muziki walikuja mmoja mmoja, kwa aibu, wakakaa. Mama alijikunyata pembeni na nguo zake za eda, ameelekea ukutani. Ilikuwa ile sehemu mwenye nyumba anamtolea mpangaji vitu nje. Anatupa godoro, anatupa sufuria, na mpangaji anaviingiza ndani kwa dirishani. Nilicheka, Shangazi. Nilisikia kicheko nikadhani ni cha mtu mwingine. Ukanitazama, ukanisogezea kibakuli cha karanga, na mimi nikala.

Ndipo mlango ukapigwa teke.

Kaka zako wawili. Baba Mkubwa Idi, mkubwa wenu, akiwa mbele, na Baba Mdogo Shabani nyuma yake ameshika fimbo ya kuswagia punda. Nakumbuka jasho la Baba Mkubwa lilivyokuwa likimtiririka. Akapaza sauti majirani wote wasikie: "Ndugu yetu hajaoza kaburini, na huyu Mgogo anafanya sherehe! Kumbe mjane anacheka!"

Mama alikuwa ametoka Kintinku, Ugogoni, kuolewa kwetu Wanyaturu, na siku hiyo ndiyo nilijua kwamba miaka yote ile walikuwa bado wanamwita Mgogo.

Wewe ulisimama. Ukachungulia nje, ukaona mkokoteni wa punda umeegeshwa uani, mtupu, na kamba tayari.

"Mmekuja na mkokoteni kwa ajili ya kicheko?" ukawauliza.

Baba Mkubwa alienda moja kwa moja kwenye tivii akainyanyua na nyaya zake, picha bado inaonekana, watu wa ndani bado wanacheka. Baba Mdogo akamshika Mama mkono akamburuta kutoka pembeni. "Wewe rudi kwenu. Nyumba ni ya ukoo, mabati ni ya ukoo, ng'ombe ni wa ukoo."

"Mwache," ukasema.

"Dada, toka mlangoni. Wewe ni wa kwetu."

"Ndiyo. Na wa kwetu ndiye atakayewapiga."

Mchi ulikuwa kwenye kinu karibu na mlango. Uliuchomoa kwa mikono miwili ukaushusha kwenye kifundo cha mkono wa Baba Mkubwa. Nilisikia mfupa. Haukulia pwaa kama kile kibao cha kwenye kichekesho. Ulilia kama mtu anavunja kuni mbichi. Tivii ikaanguka, kioo kikapasuka kwa kishindo, na moshi mdogo ukatoka. Baba Mkubwa alikaa chini akautazama mkono wake unavyoning'inia. Majirani hawakutikisika. Walikaa kwenye mkeka vile vile walivyokuwa, wameelekea upande ule ule. Baba Mdogo aliteleza kwenye karanga zilizomwagika akaanguka matako chini, na mtoto mmoja wa jirani akacheka. Alidhani bado kipindi kinaendelea.

Kile kicheko ndicho kilichomtia wazimu Baba Mdogo. Aliinuka akakupiga fimbo ya kwanza begani, ya pili shingoni. Ya tatu ilikuingia jichoni. Hukulia. Ulitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyejikwaa, ukaanguka juu ya vioo vya tivii. Akaendelea kukupiga umeshalala. Alikupiga mgongoni, kichwani, kwenye mikono uliyojifunikia. Ulikuwa unamtukana Kinyaturu, matusi ambayo sijayasikia tena kwa mwanamke yeyote.

Aliyemsimamisha alikuwa Mama. Mama yangu yule ambaye kuku alikuwa akichinjiwa na jirani kwa sababu hawezi kuona damu. Aliokota mchi wako akampiga Baba Mdogo gotini, akampiga tena mgongoni, akauinua mara ya tatu kumlenga kichwani, na hapo sasa majirani wakaamka. Mama Neema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alimkumbatia kwa nyuma akimlilia, "Utaua, mwenzangu! Utaua!" Mama anajibu, "Niache niue."

Wale wawili waliondoka wakiwa wamebebana. Waliswaga ng'ombe wote wakapita nao, lakini nyumba hawakuipata. Kesi iliposikilizwa kwenye baraza la kijiji, ulisimama na bandeji nusu ya uso, ukawataja kaka zako kwa majina, mmoja mmoja, ukaeleza kila pigo. Mwenyekiti alikuuliza kama una uhakika unataka kuendelea dhidi ya damu yako. Ukafungua bandeji ukamwonyesha. Nyumba ikabaki kwa Mama. Na ukoo ukatangaza kwamba kuanzia siku hiyo wewe si wao, hutakanyaga msiba wao wala harusi yao, na ukifa hutalala kwenye makaburi yao.

Unakumbuka kile kipande kimoja nilichokuletea kwenye simu yangu, kabla hivi vyote havijapandishwa? Ulikuwa mzee tayari, umekaa uani unapepeta mtama kwa kupapasa. Sikujua ni kipande gani, nilikibonyeza tu. Kikawa kile kile cha godoro na sufuria. Nilitaka kuizima simu, ukanishika mkono. Ukaileta karibu na jicho lako zima, ukaangalia, ukacheka hadi ukakohoa. Mimi nilikasirika.

"Shangazi, unachekaje hiki?"

"Nisicheke kwa nini?"

"Si unajua siku ile ilikuwaje."

Ukajifuta machozi kwa upindo wa kanga, lile jicho bovu nalo linatoa machozi vile vile. "Jicho walichukua," ukasema. "Na kucheka nako niwape?"

Ulipofariki nilijua tutapigana tena. Wanaume walikubeba hadi makaburi ya ukoo pale nyuma ya nyumba yetu, sisi wanawake tukabaki uani, tunaona kila kitu. Kaburi limeshachimbwa. Baba Mdogo akatokea kwenye mashina ya mtama na panga, akasimama ukingoni. Alisema atakayekushusha humo, naye atabaki humo. Watu walirudi nyuma na jeneza. Mama alikuwa ameshika kokoto kila mkono, uzee wake wote ule.

Nilimwona Baba Mkubwa akitoka katikati ya watu. Hakuwa amekutamkia neno tangu siku ya mchi. Ule mkono wake uliopona vibaya ulikuwa umepinda kama kwato. Alimfuata mdogo wake taratibu, akashika panga. Hakushika mpini. Alishika makali, kwa mkono mzima. Baba Mdogo akavuta, na vidole vya Baba Mkubwa vikafunguka kama nyama ya buchani. Hakuachia.

"Dada yetu," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nivunje na huu uliobaki. Lakini analala hapa, karibu na kaka yake."

Baba Mdogo aliachia panga akaondoka kupitia mtamani. Ulishushwa. Udongo wa kwanza aliokutupia Baba Mkubwa ulikuwa umelowa damu, ukaganda kiganjani, ikabidi aukung'ute. Sijui kama alikuomba msamaha. Mimi sikumsikia. Naye alikufa kabla mvua za mwaka uliofuata hazijanyesha.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikuandikie leo.

Jana Baba Mdogo Shabani alikuja dukani. Amezeeka, meno yameisha, anatembea kwa mkongojo kwa sababu ya lile goti. Alikuja na suruali anataka ipunguzwe kiuno. Kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi, na Rehema ameegemeza simu pale pale, mwenye nyumba anapigwa mwiko na mkewe. Mzee akainamia simu. Akakodoa. Kisha akaanza kucheka, mabega yanatikisika.

"Hiki nakijua!" akawaambia wateja. "Hiki tulikuwa tunakiangalia kwa marehemu kaka, Unyambwa. Enzi hizo!"

Nilikuwa nimeshika pasi ya mkaa, moto umekolea. Shangazi, niliona mahali pa kuiweka. Niliona ile ngozi yake iliyolegea chini ya jicho, nikapima umbali. Mkono wangu ulishainuka.

"Shikamoo, Baba Mdogo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa marehemu kaka yako uliangalia hiki mara moja tu. Waambie siku gani."

Akainua uso kutoka kwenye simu. Kwenye simu watu wanacheka.

"Waambie, maana mimi nilikuwepo. Mlivunja mlango Mama akiwa eda. Ulimpiga dada yako fimbo ya jicho likapasuka, ukampiga akiwa amelala kwenye vioo. Halafu ukamzuilia kaburi."

"Yale yalishapita, mwanangu."

"Kwako yalipita. Chukua suruali yako, utoke."

Wateja walitazama chini. Alijikongoja hadi mlangoni, akageuka, macho yake yakaenda kwenye pasi, akatoka. Nilikuwa bado nimeiinua. Ni Rehema aliyenivuta gauni akaniambia, "Mama, cheche zinakudondokea," na ndipo nikaona mkono wangu umebabuka.

Usiku wa jana nilimsimulia Rehema yote. Aliniuliza kama ungekuwa wewe ungempiga. Nikamwambia wewe ungempiga kabla hajamaliza kucheka. Yeye akacheka, mimi nikalia.

Watu wa msikitini wananiambia nisamehe, mzee amebakiza siku chache. Mama naye, ukimtajia habari hizo, hugeuka ukutani. Mimi nakuambia wewe ukweli, kwa sababu wewe hukuwahi kuniambia nitulie. Nilitaka kumchoma. Ninapoandika hivi bado nataka. Kidole kimepona, mkono utapona, hii hamu haiponi, na kila siku nafungua duka, nawasha mkaa, najiombea asipite.

Pumzika huko uliko, Shangazi. Pumzika sana. Ulitulinda vya kutosha.

Mtoto wa kaka yako,
Asha