Maji Digrii Tisa, Samaki Wanakula

Kingstanding, Birmingham
2 Mei

Kwa ndugu yangu Cleopas,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi ambayo watu wa huku wanaiita majira ya kuchipua. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Mumbua na watoto, na kwamba mvua za Baringo zimenyesha kwa kiasi, zisilisogeze ziwa hadi mlangoni kwenu tena. Mimi mwili ni mzima. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka sita ya kimya. Ningekupigia simu, lakini simu hukatwa, na haya nataka uyasome hadi mwisho. Anayekuletea ni Beverly, nesi wa kanisani kwetu, ambaye anakuja nyumbani likizo.

Bila shaka ulisikia kwamba nilipata kazi ziwani. Hilo ziwa lenyewe, Cleopas, ungeliona ungecheka hadi ukae chini. Ni shimo lililochimbwa kokoto zamani, likajaa maji, likazungushiwa ua na kutiwa lango. Ukirusha jiwe kwa nguvu linafika ng'ambo. Hakuna kiboko, hakuna mamba, hata wimbi hakuna. Mwenye shimo ni bwana mmoja aitwaye Ronny, mtu wa shingo nene na viatu vya mpira ambavyo havijawahi kugusa maji. Samaki anawajua kwa picha.

Wavuvi wake ndio kituko. Mtu anakuja na kiti cha kukunja, hema na jiko la chai, anashinda kutwa akikodolea uzi. Chambo chake ni mahindi ya kopo, mkate, hata nyama, chakula ambacho mwenye akili angekula mwenyewe. Akimpata kapi, samaki mnene wa huku mwenye mdomo kama wa kizee asiye na meno, anamlaza kwenye godoro. Ndiyo, godoro! Anampaka dawa pale ndoana ilipomtoboa, anapigwa naye picha, kisha anamrudisha majini akimwambia asante. Samaki wa kilo nane! Nikajua hawa hawajalala njaa hata siku moja, nikawadharau papo hapo, na sikuona haya.

Kazi yangu ilikuwa kufungua lango, kuzoa takataka, kupima joto la maji kila asubuhi na kuandika hali ya ziwa kwa chaki kwenye ubao wa langoni. Hiyo ya ubao niliipenda. Mwezi wa tatu, maji yakiwa digrii sita, samaki hulala chini kama wagonjwa na hakuna mahindi yatakayowaamsha. Yakifika tisa au kumi, na upepo wa kusini-magharibi ukiyasukuma maji ya uvuguvugu upande wa matete, hapo huanza kula, hasa adhuhuri jua likishapasha kina kifupi. Niliyajua haya kuliko wao wote, na watu wazima walisimama mbele ya ubao wangu wakisoma kama watoto wa darasa la kwanza.

Mmoja tu sikumdharau. Mzee Rajni ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu, akaja huku kijana, na Kiswahili hakijamtoka. Kila Jumamosi alitoka Northfield kwa mabasi mawili, na magoti yake mabovu, fimbo zake za kuvulia amezifunga kwa kitambaa. Aliniambia hachagui pa kukaa mpaka asome nilichoandika.

Jumatatu ya kwanza ya Aprili niliwakuta samaki wakielea kwa ubavu, matumbo meupe juu, kuanzia kwenye matete hadi karibu na lango. Niliwahesabu hadi mia tatu nikaacha. Joto la ghafla la wiki ile lilikuwa limeyaozesha majani ya chini na kumaliza hewa majini. Ronny alikuja, akatazama, akatema mate. Akasema tuwafukie nyuma ya banda kabla ya kufungua, maana msimu ndio kwanza unaanza. Kisha akanipa chaki, akasema niandike kama kawaida. Nikaandika: "Maji digrii tisa. Upepo kusini-magharibi. Samaki wanakula vizuri upande wa matete."

Jumamosi tatu mfululizo mzee Rajni alikaa upande wa matete. Wale wengine wenye mahema walilaumu upepo, wakalaumu chambo, wakaenda kununua chambo ghali zaidi. Yeye alijilaumu mwenyewe. Jumamosi ya tatu alininyooshea mikono yake, akaniambia, "Kipchumba, samaki wanakula, wewe umeandika. Basi ni mikono hii. Zamani samaki akigusa uzi nilimsikia kama mtu anayebisha hodi. Sasa sisikii kitu. Mikono imekufa." Akasema ametosheka, akirudi Northfield atazipitisha fimbo zake duka la misaada, wanakouza vitu vilivyotolewa sadaka, wazipate wenye mikono.

Nilimbebea zile fimbo hadi kituo cha basi.

Jumatatu nilifuta ubao, nikaandika kwamba samaki walikufa tarehe sita na tuliwafukia nyuma ya banda. Nikaipigia simu ofisi ya mazingira. Ronny alininyang'anya funguo mbele ya watu. Nikaenda Northfield. Pale dukani waliniambia fimbo zilinunuliwa Jumamosi ileile. Nyumbani kwake, mzee alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza swali moja tu: siku ile nilipombebea fimbo, nilikuwa najua? Nikasema nilikuwa najua. Akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Sasa Cleopas, nifike kwa lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka ile siku ya mkutano wa chama chetu cha wavuvi, ilipogunduliwa kwamba umeandika vitabuni samaki ambao hawakuvuliwa. Mimi ndiye niliyesimama. Nilikuita mwongo mbele ya Mumbua, nikasema mwanamume afadhali afe njaa kuliko kuandika uongo, na watu wakanipigia makofi wewe ukitoka. Sikuwaambia kwamba mwenyekiti alikuwa amekutishia ili uandike hivyo, na nilijua, maana nilikuwa nyuma ya ukuta nikisikia. Nilikitaka kiti chako cha ukarani, nikakipata.

Wewe ulitishiwa, Cleopas. Mimi hapa sikutishiwa na mtu. Nilipewa chaki tu.

Sikuombi uniandikie. Naomba umsomee Mumbua barua hii yote, na wale waliopiga makofi, kama wako bado, wasomee pia. Nisalimie wanao, nisalimie majirani wote wa pale ufukweni. Mungu awalinde.

Ni mimi,
Kipchumba